Lango Halifunguliwi kwa Machozi

Shemeji yangu Prokles hakuweza kuona mkokoteni umesimama katikati ya lango la mji akanyamaza. Uwe umebeba kuni za jirani, ng'ombe wawe wamechoka na mwenyewe anajifuta jasho, yeye angechechemea hadi pale na kuanza kelele: "Sogeza! Sogeza hapo! Gurudumu likivunjika sasa hivi, lango utalifungaje? Kwa mgongo wako?"

Watu wa Melaina walikwisha kumzoea. Mimi zaidi yao, maana nilikuwa nikiishi nyumbani kwake. Naitwa Timo, mdogo wake Filinna, mkewe. Mume wangu alipofariki walinipa chumba cha nyuma, na haya ninayoyasimulia sikuyaokota sokoni.

Prokles alikwenda ng'ambo akiwa kijana, kama wanavyokwenda nusu ya wanaume wa milima yetu ya Arkadia. Ardhi kwetu ni mawe, watoto wa kiume ni wengi, na wafalme wa mbali hawaishiwi vita. Alipigana kwa ujira wa huyu na wa yule, mpaka mshale ulipompata gotini akarudi. Wenzake walirudi na vikombe vya fedha au na majina ya wanawake. Yeye alirudi na kichwa kilichojaa miji iliyoanguka. "Sijaona mji ulioangushwa kwa nguvu," alikuwa akisema. "Yote niliyoiona ilianguka kwa sababu kuna mtu alifungua mlango."

Akaanza kufuga nyuki, na nta ya nyuki akaitandaza juu ya vibao, akawa anaandika. Aliandika hila za vita, moja baada ya nyingine: askari walivyofichwa ndani ya shehena ya nyasi; jeshi dogo lilivyowasha mioto mingi lionekane kubwa; mchanga unavyotiwa katika tundu la komeo, kile kipini cha chuma kisizame hadi chini, lango likaonekana limefungwa na kumbe limerudishiwa tu. Alichokiona kimekamilika alikinakili kwenye karatasi za mafunjo. Alasiri alikwenda kusoma kwenye banda la fundi viatu, na huko hawakumwacha salama.

"Mzee Prokles," Gorgos bawabu alimwambia siku moja, mtu mnene mwenye mdomo, "punda wangu jana kakohoa. Ni adui huyo au ni vumbi?"

Prokles akamuuliza, uso umekaza kabisa: "Alikohoa akiwa ndani ya lango au nje?"

Banda zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa akingojea jibu.

Nyumbani hali haikuwa ya kuchekesha. Aliinuka katikati ya chakula, mkate wa shayiri mkononi, akaenda kutazama lango. Alirudi, akala matonge mawili, akainuka tena. Dada yangu alikuwa akisema, "Mimi sijui niliolewa na mume au niliolewa na komeo." Lakini alimwekea chakula chake karibu na makaa kisipoe.

Walikuwa na mtoto mmoja, Melitta. Walikuwa wamemwoza Korthys, mji ulio chini kwenye bonde letu, ambako mtu akitoka asubuhi hufika kabla ya chakula cha mchana. Wakati ule Korthys na Melaina tulikuwa watani tu. Wao walituita mbuzi, sisi tuliwaita vyura. Mkwe wake, mzee Nikon, alikuwa na kondoo wengi na alimpenda yule msichana kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri ya kuimba. Alizaa mvulana, Aristion, na mwaka ule wa vita alikuwa na mimba nyingine.

Vita vyenyewe vilianzia kwenye chemchemi ya malisho. Mchungaji wao mmoja akakutwa ndani ya maji, kichwa kimepasuka. Baadaye wa kwetu watatu hawakurudi. Shayiri ilipoanza kuwa rangi ya mkate, Korthys walipanda na ngao zao wakapiga kambi mashambani kwetu, na sisi tukasimama ukutani tukiwatazama wakivuna chakula chetu kwa mundu, huku wakiimba.

Mkuu wa ulinzi alichaguliwa Teisandros, mfanyabiashara wa ngozi, mtu mwaminifu ambaye vita alivyovijua ni kusaka mbwa mwitu. Hakuwa na majivuno. Alimwita Prokles mbele ya mkutano akasema, "Wewe ndiye umeyaona haya. Tufanyeje?"

Wanawake hatuingii mkutanoni, lakini paa la mfinyanzi linatazama uwanja, na Filinna na mimi tulikuwa juu yake. Tulimwona Prokles akisimama na fimbo yake. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Alisema malango yote yazibwe kwa mawe isipokuwa moja. Alisema neno la siri libadilishwe kila zamu, na mlinzi asijue mapema atasimama wapi, ili asipate nafasi ya kupatana na mtu. Halafu akagusa ardhi kwa fimbo, kama mtu anayepima kina cha maji kabla hajaingia.

"Na mwenye mtoto au ndugu upande wa adui," akasema, "asiwekwe karibu na lango. Asipande ukutani peke yake. Hata awe mtu mwema namna gani. Damu ikiita, mtu huitika."

Sauti ikatoka nyuma: "Na wewe je, mzee? Melitta yuko wapi?"

"Yuko Korthys," Prokles akajibu. "Basi anzeni na mimi."

Filinna alinishika mkono akanibana mpaka kucha zikaingia. Mumewe alipofika nyumbani alimkuta amesimama mlangoni.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akamwambia. "Nani alikuuliza habari za watoto? Nani? Mji mzima unakutazama kama mwizi sasa!"

"Mama Melitta, nisingelisema mimi angelisema mwingine, na lingekuwa baya zaidi."

"Kwako wewe kila kitu kingekuwa kibaya zaidi!"

Haukupita muda dada yangu akaonekana amesema kweli. Asubuhi moja Gorgos alikuta mchanga ndani ya tundu la komeo. Ulikuwa kidogo, labda konzi ya mtoto, na siku ile upepo ulikuwa umevuma toka alfajiri. Lakini nani katika Melaina hakujua habari za mchanga na komeo? Na nani aliwafundisha? Mtu aliyekuwa akilipapasa lango lile kama mchumba wake, tena mwenye binti kwa adui. Walikuja nyumbani kwa makundi. Mke wa mwokaji, aliyekuwa akiazima ungo kwetu kila wiki, alitema mate kizingitini.

Teisandros aliwatuliza, akaweka vijana wawili wenye mikuki mlangoni petu. Alisema ni kwa usalama wa Prokles mwenyewe. Labda ilikuwa kweli.

Siku zile ndani ya nyumba ile sipendi hata kuzikumbuka. Tulizungumza kwa kunong'ona na hatukuwa na siri yoyote. Kwa kila kelele ya barabarani tulinyamaza, tukisikiliza kama inakuja kwetu. Filinna hakulala, alikuwa akihesabu kwa vidole miezi ya mimba ya bintiye, na kila akifika mwisho anaanza upya. Prokles alikaa kwenye kiti kifupi, mguu mbovu ameunyosha, akitazama mlango.

"Wanakuonea?" nilimuuliza, kwa sababu nilitaka asikie kuna mtu upande wake.

"Hapana, shemeji," akasema. "Ningekuwa wao, ningenifunga na mimi." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kinachonitisha si hicho. Kule Korthys wanajua Melitta ni mtoto wa nani. Mtu mwenye akili kule atakuwa amekwisha kufikiri."

"Kufikiri nini?"

Akarudisha macho mlangoni.

Jibu lilikuja lenyewe, jua likiwa utosini. Gorgos alifika mbio, jasho linamtiririka shingoni, na hakuwa na utani hata chembe. "Mzee, njoo. Teisandros anakuita ukutani. Binti yako yuko nje ya lango."

Filinna alitoka mbele yetu sote, bila shela, bila viatu. Vijana wa mikuki hawakujaribu kumzuia.

Nilipofika juu nilimwona. Alikuwa amesimama barabarani, peke yake, karibu kabisa na lango, nywele zimefunguka, na kifuani amembana mtoto mchanga aliyefungwa kitambaa. Nyuma yake barabara ilikuwa tupu. Kando ya barabara, hatua chache chini, lilikuwepo korongo lenye vichaka vya waridi wa mtoni, vimechanua.

"Baba!" akaita. "Baba, wamenifukuza! Wamesema mimi ni mbuzi wa Melaina, nirudi zizini kwetu. Nifungulie, mtoto anaungua na jua!"

"Fungueni!" Filinna alipiga kelele. "Mnangoja nini? Huyo ni Melitta! Mmemwona akitambaa kwenye vumbi hili hili! Fungueni!"

Hakuna aliyesogea. Mji ulikuwa umejaa pale juu na chini, na wote walimtazama Prokles. Teisandros alikuwa amepauka. "Mimi sijui la kufanya," akasema, tena kwa sauti ya kusikika, bila aibu. "Wewe unajua mambo haya. Sema, tutafuata."

Nilisimama ubavuni kwa shemeji yangu. Akisema fungueni, yeye ndiye msaliti waliyekuwa wakimtafuta. Akisema msifungue, mkewe yuko pale na mjukuu wake yuko pale chini kwenye jua. Prokles alitazama korongo. Nami nikatazama. Kwale walikuwa wameruka kutoka vichakani, wakazunguka, wakataka kutua, wakaruka tena.

"Melitta," akaita, "zunguka upande wa mwamba. Tutateremsha kapu la nafaka. Utakaa ndani, tutakuvuta wewe na mtoto."

Wanaume wakashusha pumzi. Ilikuwa njia nzuri, na kamba ilikuwepo. Lakini Melitta hakuondoka. Aligeuza shingo kidogo, akatazama nyuma, akarudisha macho.

"Siwezi, baba. Naogopa kapu. Nifungulie lango tu."

"Utafungwa kiunoni. Hutaanguka."

"Lango, baba! Lango tu!"

Prokles akaweka viganja vyote viwili juu ya jiwe la ukuta. "Aristion yuko wapi?" akauliza.

Msichana alifungua mdomo, ukabaki wazi. "Amelala," akasema. "Amelala kwa babu yake."

Hapo hata mimi nilielewa, mimi ambaye vibao vile vya nta nilivipangusa vumbi tu. Mtu aliyefukuzwa hawezi kumwacha mtoto wake wa kwanza amelala. Walikuwa wamemshika Aristion. Akipanda kapuni, mwanawe anabaki mikononi mwao na hasira yao. Akirudi mikono mitupu, watamwuliza kwa nini hakulia vya kutosha. Na lango likifunguliwa upana wa mtu mmoja tu, Melaina imekwisha.

Nilimtazama Prokles nikaona uso wake ukibadilika, na sauti iliyotoka mle sijawahi kuisikia kabla wala baada.

"Nani kamleta mwanamke huyu hapa?" akanguruma, uso ameuelekeza kwenye korongo. "Mimi sina binti! Nilikuwa naye, nikampa Nikon wa Korthys, akawa chura kama wao! Unakuja kulia langoni kwangu na kitoto chao? Rudi ulikotoka! Lia mpaka mawe yalainike, lango hili halitafunguliwa kwa ajili yako, wala kapu, wala kamba! Mbwa angerudi ningemfungulia. Wewe, hapana!"

Akaokota jiwe akalirusha. Likaanguka karibu na miguu ya Melitta, vumbi likaruka.

Filinna alimrukia. Alimpiga kichwani, mgongoni, akamng'ata bega, na wanaume wawili wakahitajika kumtoa. Prokles hakujikinga. Alikuwa ameegemea ukuta, anatazama chini.

Melitta hakulia tena. Kisha akageuka, akashuka barabarani polepole, mkono ameuweka juu ya kichwa cha mtoto. Alipopita korongo, vichaka vikatikisika, wakainuka watu, wengi, wamejaa vumbi, ngao wamezigeuza zisimeremete. Watu wetu ukutani wakaguta kwa hofu. Prokles hakuwatazama wale wenye ngao. Alimtazama mzee mmoja aliyetoka kati yao na kumwendea Melitta, akamshika mkono: alikuwa Nikon. Nilikodoa macho. Alimshika kiwiko, taratibu, kama mtu anavyomshika aliyefiwa. Akavua vazi lake akamfunika yeye na mtoto.

Prokles akaketi chini pale pale.

Jioni ile, kabla ya kuwasha taa, alijaribu kumweleza mkewe. "Nisingemkana wangesema hakujitahidi. Ilibidi wamwonee huruma. Ilibidi wamwone hana baba."

"Na yeye?" Filinna akauliza. "Yeye anajua kwamba ulikuwa unadanganya?"

"Sijui."

"Hukumfanyia hata ishara?"

"Sijui, mama Melitta. Sikuweza."

Filinna akachukua mto wake akaja kulala chumbani kwangu.

Mji ulimwomba radhi. Mke wa mwokaji alileta mkate wenye ufuta, akalia. Teisandros akaja mwenyewe kumwambia achukue usimamizi wa lango. Prokles akakataa. Akasema kanuni ni ile ile, mwenye mtoto kwa adui asikae karibu na lango. Wengine walimheshimu kwa hilo. Wengine walimwogopa, na watoto wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Yeye hakuona hao wala hao. Alikuwa akimuuliza kila mchungaji aliyeteleza usiku akaja mjini: umesikia habari za nyumba ya Nikon? Kuna maombolezo? Kuna mtoto aliyezikwa? Hakuna aliyejua kitu. Akakonda mpaka pete ikamtoka kidoleni.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, wazee wa mji mwingine wa milimani walituketisha chini, wakagawa chemchemi, sisi asubuhi, wao alasiri. Maiti zikarudishwa. Viapo vikaapwa juu ya nguruwe aliyechinjwa. Kesho yake tulishuka Korthys, Filinna mbele, mimi nyuma yake, na Prokles nyuma kabisa na fimbo na mtungi wa asali. Kila tulipokaribia, hatua za Prokles zilipungua, nami ikabidi nisimame nimngoje.

Nikon mwenyewe ndiye aliyefungua. Alimpokea Filinna vizuri. Prokles alimwangalia toka juu hadi chini.

"Wewe," akasema. "Wazo la siku ile lilikuwa la majemadari wetu, na mimi sikulipenda. Lakini nilikusikia kwa masikio yangu. Nimezeeka na sijasikia mzazi akisema maneno kama yale. Toka siku hiyo msichana huyu ni binti yangu, na asiguswe na mtu."

Prokles angeweza kumweleza ukweli. Akainamisha kichwa akasema, "Nashukuru umemtunza." Akamwacha mzee yule aendelee kumdharau.

Melitta alitoka uani. Alimkumbatia mama yake, wakalia wote wawili, akanikumbatia mimi. Nikon aliingia ndani kuagiza chakula. Hapo tu ndipo Prokles akaanza kusema, haraka haraka, maneno yanakanyagana, habari za kwale, za korongo, za Aristion, kwamba ilibidi, kwamba hakukuwa na njia.

Melitta alimsikiliza hadi mwisho.

"Niliamini," akasema. "Nilimwambia Aristion babu yake amekufa."

"Ulifanya vizuri."

"Sikufanya vizuri, baba. Niliamini! Mpaka leo asubuhi nilikuwa naamini. Ungeninyooshea hata kidole kimoja."

"Wangekiona."

"Mimi ndiye niliyetaka kukiona!"

Prokles, mtu aliyekuwa na jibu la kila ukuta na kila komeo, alisimama uani pale na mtungi wake wa asali, theluji inamwangukia mabegani.

Melitta akaingia ndani. Tulidhani ndiyo basi. Kisha akatoka na beseni la maji ya moto, akamwosha mama yake miguu, akaniosha mimi. Alipomaliza alibaki ameshika beseni, akimtazama baba yake. Mwishowe akasema, "Keti, goti litakuuma," akapiga magoti akamvua viatu. Hakusema amesamehe, naye hakuuliza.

Tulikula dengu na jibini, tukalala kwao. Asubuhi Aristion akaja kumchungulia mgeni, kidole mdomoni.

"Mama alisema ulikufa," akamwambia.

"Kidogo," Prokles akasema. "Njoo uonje asali."

Prokles aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Melitta alikuja kututazama kila sikukuu ya mungu wa kike Artemi, na taratibu, mwaka hadi mwaka, akawa anakaa siku moja zaidi. Filinna alirudi chumbani kwa mumewe wakati wa majira ya kuchipua, bila kumwambia mtu, na mimi nikapata nafasi kitandani.